Shingo ya Wanzagi

Eufrasia alikuwa amefanya kazi ya unesi miaka kumi na tisa mjini Musoma, na alidhani mwili wa binadamu hauna tena la kumshangaza. Kisha wakamletea Wanzagi.

Wanzagi alikuwa mkulima wa Butiama, mtu wa miraba minne, baba wa watoto watatu, mkubwa wao Onesmo. Alipanda kuezeka banda la ng'ombe, mti aliokanyaga ukavunjika, akatangulia kichwa. Uti wa mgongo uliumia shingoni. Alipofikishwa wodini macho yalitazama vizuri, sauti ilikuwepo ingawa nyembamba, na mabega yalipanda na kushuka. Ila kuanzia kifuani kwenda chini alikuwa kama mtu aliyeazimwa mwili wa mwingine. Hata vidole vya mikono havikusikia amri.

Eufrasia ndiye aliyepewa kusimamia uuguzi wake. Kila baada ya saa mbili walimgeuza watu wanne, mmoja kazi yake kushika kichwa tu na kuhesabu, ili mwili wote ugeuke pamoja kama gogo na shingo isipinde. Kisha Eufrasia alikagua visigino, makalio na mgongo, akipapasa kama kuna mahali ngozi imepata joto au imebadilika rangi, maana mtu asiyesikia maumivu anaweza kuoza huku anacheka. Kukohoa tu ilikuwa kazi; nesi alimbana chini ya mbavu kwa viganja viwili ndipo makohozi yakatoka.

Mkewe, Dafroza, alikaa pembeni akitazama tu. Eufrasia alimdhania amekata tamaa. Siku ya kumi msaidizi mmoja alichelewa, na kabla hajatafutwa mwingine, Dafroza aliinuka, akashika nyonga za mumewe pale hasa panapotakiwa, akangoja hesabu. Kumbe siku zote alikuwa anajifunza.

Tangu hapo Eufrasia akawa anamfundisha. Alimfundisha kumsafisha, kuutunza mpira wa mkojo, kumnyoosha viungo. Jambo aliloliogopa kuliko yote alilisema mara tatu.

"Mama Onesmo, kichwa kikimuuma ghafla na jasho likamtoka usoni, usimlaze. Mkalishe, halafu tafuta huku chini kinachomsumbua. Kibofu kikijaa, mwili wake hauwezi kumwambia. Presha inapanda mpaka inaweza kumuua."

Dafroza aliuliza mwili uliokufa unawezaje kufanya hayo yote.

"Haujafa," Eufrasia akasema. "Umekatiwa njia tu."

Baada ya miezi minne wakarudi kwao. Wiki ya sita, siku yake ya mapumziko, Eufrasia alipanda gari kwenda Butiama kumjulia hali, na mashine ya kupimia presha ndani ya mkoba. Alikuta mlango umejaa watu. Wanzagi alikuwa kitandani, uso unatiririka jasho, akisema kichwa kinapasuka. Mdogo wake, Chrispin, alikuwa ameshika blanketi. Alisema hiyo ni malaria, mgonjwa alale afunikwe.

Eufrasia alifungua mdomo, lakini Dafroza alikuwa ameshatangulia.

"Shemeji, weka hilo blanketi chini, unisaidie kumkalisha."

Hakupaza sauti. Wakamkalisha. Akamlegeza nguo kiunoni, akaufuata mpira wa mkojo kwa vidole, taratibu, mpaka chini ya paja ulikokuwa umejikunja. Akaunyoosha. Mkojo ukashuka kwenye mfuko. Eufrasia alipima presha: mia na tisini kwa mia na kumi. Akangoja, akapima tena, ikawa mia na hamsini. Mara ya tatu ilikuwa imerudi kwenye kawaida yake, na jasho limekauka.

Kisha akaomba kumwona mgongo. Aliupapasa wote, akashuka hadi visigino. Hapakuwa na kidonda hata kimoja. Wodini, penye manesi na zamu, aliwahi kushindwa kumkinga mgonjwa na vidonda.

"Umewezaje?" akauliza.

"Namgeuzaga na majirani," Dafroza akasema. "Niliwafundisha kuhesabu."

Eufrasia alipoletewa chai na viazi, Wanzagi akamwita.

"Sista, angalia."

Akainua kiganja kwa nyuma, taratibu. Kifundo cha mkono kilikuwa kimepata nguvu kidogo, na kilivyopanda, vidole vilivyolala vikajikunja vyenyewe vikashika kipande cha kiazi. Akakipeleka mdomoni, akatafuna akimtazama. Eufrasia alijua sababu yake. Ni kano za vidole zinazovutwa kifundo kikipanda. Kujua hakukumzuia kutokwa na machozi.

Wanzagi hakutembea tena. Ila mwezi uliofuata Eufrasia alimwomba ruhusa mkuu wake wa wodi, akapewa, na tangu hapo kila familia inapoleta mgonjwa aliyeumia shingo, Dafroza huitwa kutoka Butiama. Husimama upande wa kichwa, akaweka viganja vyake masikioni mwa mgonjwa, na manesi wa zamu hungoja yeye ahesabu.