Mti mwekundu wa mama mkwe

Jamani, leo nimekata mti wa mama mkwe.

Kwetu Tanga majani yakigeuka mekundu ghafla, mti unaumwa. Nani aliniambia kwamba hapa Joburg ni majira tu ya baridi kukaribia?

Mume wangu yuko kazini, nikashika panga. Nikauangusha wote, na vitunda vyake vyekundu. Najisifu kabisa!

Mama mkwe akatoka na chai yake. Kiswahili anakijua, aliishi Morogoro uhamishoni enzi za makaburu. Akautazama mti chini.

"Huu aliupanda marehemu baba yenu. Kila mwaka ukiwa mwekundu hivi, nampelekea tawi moja kaburini."

Eish. Panga bado ninalo mkononi.

Akainama, akaanza kukusanya matawi.

"Lete kamba, mwanangu. Mwaka huu tutampelekea mti mzima."

Si bora angenigombeza tu?