Kisu Tulichotakiwa Kukiacha

Siku moja kabla hatujaondoka Mwanza, mdogo wangu Yona alikaa juu ya gunia pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, akichambua dagaa wetu wa kula njiani. Alikuwa anatoa uduvi. Sheria yetu inaruhusu samaki mwenye mapezi na magamba, na dagaa anavyo vyote, ingawa magamba yenyewe mpaka ukaze macho. Uduvi hana. Kwa hiyo Yona aliinama akamtoa mmoja mmoja kwa kucha, na wabeba mizigo wakawa wanapita wakimtania.

"Yona, hao utawamaliza Krismasi," mmoja alisema.

"Krismasi si yangu," Yona akajibu bila kuinua kichwa, na wote wakacheka, yeye mwenyewe akiwemo.

Watu wa Mwaloni walituita Wasabato, na mimi nilishaacha kuwasahihisha. Sisi ni Wayahudi. Mama alizaliwa mashariki ya Uganda, katika familia iliyoshika Tora tangu kwa babu zake, akaolewa na Msukuma aliyekubali masharti yake yote isipokuwa kuacha kambale. Baba alikula kambale kwa majirani mpaka anafariki, na Mama alijifanya hajui. Mtaani kwetu Pasiansi nyumba ya namna yetu ni moja tu, na sheria zote tulijifunza kwa Mama, na baadaye kwa mwalimu wa huko kwao ambaye tunampigia simu tukikwama.

Mimi nauza dagaa wakavu. Wakati ule nilikuwa nawapeleka kwa lori, kupitia Rwanda, mpaka mji mmoja wa Kivu, Kongo, ambao sitautaja kwa sababu bado nina watu pale. Safarini nilibeba sufuria yangu, jiko langu la mkaa na mayai niliyochemsha nyumbani. Mgahawani niliagiza chai ya rangi na ndizi mbivu, basi. Nyama sikugusa, maana haikuchinjwa na mtu wetu. Ukila mayai siku kumi na mbili mfululizo, unaanza kuyachukia hata kwa macho.

Safari hii Yona alikuja nami, na Yona alikuwa mchinjaji. Alikaa mwaka mzima kwa yule mwalimu akijifunza. Kisu chake kilikuwa kirefu, hakina ncha, kimenyooka kama rula, nacho kililala kwenye sanduku la mbao kikiwa kimefungwa kitambaa. Kabla ya kuchinja alipitisha ukucha kwenye makali, kwenda na kurudi, akitafuta pengo. Pengo dogo kama chembe ya mchanga lingetosha kumharamisha kuku. Mama aliuza cherehani yake ili kisu hicho kipatikane.

Nilimwomba aje kwa sababu nilichoka mayai. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani alikwenda kwa jambo kubwa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, alikuwa na kazi yake ya kutengeneza friji, na alikwenda vitani ili dada yake ale kuku.

Ila hatukujua kwamba ni vitani. Tulifika Jumanne, soko likiwa limejaa. Tulipanga kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja mpole, Mama Furaha, ambaye alizoea sufuria zangu na hakuuliza tena. Jumatano tuliambiwa waasi wako mbali. Alhamisi asubuhi tukaambiwa wako karibu, na jioni yake tukaambiwa hakuna waasi, ni majambazi. Redio ilisema hali ni shwari. Mtu mmoja aliyekuja kununua dagaa alisema hali si shwari hata kidogo, kisha akabishana nami juu ya ubora wa dagaa kama kawaida. Nilishindwa kujua nimsikilize nani. Ukiona muuza nyanya amepanga nyanya zake vizuri, moyo unatulia, na nyanya zilikuwa zimepangwa.

Ijumaa mchana dereva wetu, Masanja, alikuja akiwa ameshika kofia mkononi. Masanja ni mtu wa Mkolani, ameendesha malori miaka mingi, na si mtu wa kuogopa hovyo.

"Mama Debora," akaniambia, "mimi naona twende. Barabara ya juu watu wanahama na magodoro."

Nikatazama jua. Tungeondoka saa ile, Sabato ingetukuta njiani, ndani ya lori. Tena nilikuwa na magunia kumi na mawili hayajauzwa. Nikamuita Yona, aliyekuwa uani akifunika damu ya kuku wawili kwa udongo, kama sheria inavyotaka.

"Roho ya mtu inatangulia Sabato," Yona alisema. "Hilo halina ubishi. Hata shaka ya hatari inatosha. Wewe ndiye unayeujua mji huu, dada. Una shaka?"

Nikasema sina.

Masanja akavaa kofia yake. "Hii Jumamosi yenu itanimaliza," alisema, akaenda kulala ndani ya lori. Angeweza kutuacha. Hakutuacha.

Jioni ile niliwasha mishumaa miwili kwenye kisosi cha Mama Furaha na tukala kuku. Nikikumbuka nilivyofurahi, hadi leo naona haya. Mimi na Yona tulimaliza mmoja mzima, na Mama Furaha alionja wa pili akasema ana chumvi nyingi. Yona akamweleza kwamba nyama hutiwa chumvi kwanza ili damu itoke, na Mama Furaha akamsikiliza kwa makini kama anayefundishwa dawa.

Risasi zilianza Jumamosi asubuhi, Yona akiwa anasali.

Mwanzoni nilidhani ni mabati.

Kisha kuta zikatikisika, na mtoto wa jirani akalia sauti moja ndefu isiyokatika.

Yona alivua shuka lake la sala, akaliacha kitandani. "Tunaondoka," alisema. "Sasa si ruhusa, ni lazima. Chukua maji, chukua hati za kusafiria."

Nikalishika lile sanduku.

"Hicho acha," akasema. "Kubeba ni kazi. Sabato inavunjwa kwa ajili ya roho ya mtu. Haivunjwi kwa kisu."

Akatoka kumsaidia Mama Furaha kufunga lango. Mama huyo alikataa kuondoka na sisi. Alisema nyumba ni yake, atakufa akiwa ndani yake. Hakufa. Yeye mpaka leo anapangisha vyumba.

Nilibaki chumbani peke yangu kwa muda ambao haukufika dakika moja. Niliiona akilini cherehani ya Mama. Nikakitoa kisu kwenye sanduku, kikiwa na kitambaa chake, nikakisukuma chini kabisa ya mkoba wangu, chini ya nguo na dagaa. Nilidhani Jumapili atanishukuru.

Lori liliwaka mara ya kwanza. Tulikaa watatu mbele, Yona katikati. Barabarani watu walikimbia kila upande, wengine wakitoka tunakokwenda, na sikuelewa kama sisi ndio tunakimbia hatari au tunaifuata.

Kizuizi kilikuwa baada ya daraja. Kamba, tairi mbili, na vijana sita wenye bunduki.

Sijui walikuwa wa upande gani. Wawili walivaa sare ya jeshi. Mmoja alivaa koti la mvua, na hakukuwa na mvua.

Walitushusha. Wakasema mikoba ifunguliwe.

Mwenye koti ndiye aliyekiona kitambaa. Akakifungua.

"Kisu hii ni ya nani?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo.

"Yangu," Yona alisema.

Alinitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama anavyonitazama nyumbani nikikosea nikatia maziwa kwenye sufuria ya nyama.

"Unakatangaka nini na hii?"

"Nachinja kuku."

"Kisu ya namna hii, ya kuku?" Yule kijana akapitisha kidole gumba kwenye makali, kama wanavyofanya watu wasiojua. Damu ikatoka palepale. Wenzake wakacheka.

Nadhani ni kile kicheko. Nimekaa nacho muda mrefu, na nadhani kama wasingecheka, kijana yule angekitupa kisu tu.

Akauliza Yona anatoka kundi gani. Yona akasema Mwanza. Akauliza tena. Masanja akasema huyu ni fundi friji, akapigwa kitako cha bunduki begani.

Nikasema, "Kisu nimebeba mimi." Sauti ilitoka ndogo. Sijui kama walisikia, sijui hata kama niliisema kweli au nimeiongeza baadaye.

Wakamshika Yona mikono. Sisi wakatuambia tupande gari twende, haraka.

Sikusogea.

"Panda, dada," Yona alisema. "Inaruhusiwa."

Nikapanda.

Ng'ambo ya mpaka walituweka kwenye darasa la shule, watu wengi kwa chumba kimoja. Jioni wakagawa wali na maharage yenye vipande vya nyama. Sikuuliza ni nyama ya nini wala nani kaichinja. Nilikula mpaka sahani ikaisha, nikaomba tena. Sikuwa karibu na kufa kwa njaa, kwa hiyo sheria haikuniruhusu, na tangu siku ile sijaelewa ni nani aliyekula kile chakula, maana mimi najifahamu.

Mama nilimweleza yote isipokuwa kisu. Nilimwambia walikuwa wanachagua vijana wa kiume, wakamchukua Yona. Masanja alikuwepo nikisema hivyo, bega lake likiwa limefungwa, akatazama chini. Hajawahi kunisaliti, na tangu hapo ananiamkia kwa upole unaoniumiza.

Tulitafuta. Nilikwenda ofisi ambazo sikujua kama zipo. Mama Furaha aliuliza mahabusu zote za mji ule, na kwenye makaburi mapya pia. Mwenye kumwona hakupatikana. Mwalimu wetu akatufundisha kwa simu jambo tusilowahi kulihitaji: kwamba pasipo na maiti, siku saba za kukaa chini na kuomboleza huanza pale jamaa wa karibu wanapokata tamaa. Kabla ya hapo hapana kurarua nguo wala kukaa sakafuni.

"Mwambie sisi hatujafika huko," Mama alisema. "Yona hana kosa na mtu. Wakimchoka watamwachia."

Alisema hivyo mwaka mzima na miezi kadhaa. Alifua mashuka ya Yona. Alimjibu kila aliyetoa pole kwamba pole ni za wafiwa. Majirani wengine walidhani amechanganyikiwa, lakini mimi niliyekuwa nakula naye kila siku nilijua kwamba akili yake iko sawa. Alikuwa anapima kwa mizani niliyompa mimi, na mizani ilikuwa na jiwe limefichwa.

Jumatano moja alikuwa uani anaparua sato. Mimi nilikuwa nasuuza masufuria.

"Huyo Mama Furaha," akasema, "kisu cha Yona si kiko kwake? Mwambie Masanja akipata safari akilete. Kikikaa kule kitaingia kutu, na Yona akirudi atasumbuka."

Nikasema nitamwambia. Nikasuuza sufuria ileile mara ya pili. Kisha nikasema, "Mama, kisu hakiko kwa Mama Furaha."

Nikamweleza. Nilieleza nikiwa nimesimama, mikono ina povu. Aliendelea kuparua mpaka nilipofika kwenye kizuizi, hapo akaacha.

"Walikiona?"

"Ndiyo."

"Wakajua ni chake?"

"Alisema mwenyewe."

"Na yule aliyekishika, kilimkata?"

"Kilimkata, Mama."

Akamweka samaki kwenye beseni. Akanawa mikono vizuri, mpaka viwikoni. Nilingoja anipige au anilaani, na ningepokea vyote viwili kwa shukrani. Hakunigusa. Alishika gauni lake kifuani upande wa kulia, akalirarua kiasi cha kiganja, akasema maneno ya baraka tunayoyasema kwa Hakimu wa kweli. Akaingia ndani akakaa sakafuni.

Majirani walikuja kama watu wa Mwanza wanavyokuja msibani, na masufuria ya pilau na nyama. Mama hakuweza kula. Mama Kulwa wa nyumba ya pili alisimama mlangoni akafikiri kidogo, akawaambia wenzake warudishe yote. Wakatumia vyombo vyetu, wakaparua sato mbele ya macho ya Mama ili aone magamba yakitoka, wakachemsha mayai, wakampa. Walifanya hivyo siku zote, isipokuwa Sabato, siku ambayo walikuja kukaa naye tu bila kuwasha moto. Niliwapenda sana wanawake wale na nilitamani waondoke.

Mwalimu alinipigia simu. Aliniambia dada naye hukaa siku saba kwa ajili ya ndugu yake. Akaniuliza kama nimekata tamaa.

Nikamwambia sijui. Huo ndio ukweli. Maana kama Yona yuko hai mahali fulani, basi kisu kilimfunga tu, na kufungwa kuna mwisho. Nikikaa chini karibu na Mama, nitakuwa nimesema kwamba nilichobeba ndicho kilichomuua. Sasa sielewi kama bado nina matumaini kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Mama hakuniita nikae. Alikula kutoka mkononi mwangu, akanishukuru kila mara.

Jumanne asubuhi aliinuka, zake saba zimekwisha. Zangu bado sijazianza.