Kifaa cha Watu Jikoni kwa Mama

Mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamivu niliuishi kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamwisha. Tulikuwa wanafunzi wachache wa afya ya jamii, chuoni Dar es Salaam, na kila mmoja alikuwa na kitu alichochagua kukichunguza, nacho kikamfuata mpaka kitandani. Mwenzangu wa mbu alisema anawasikia wakijadiliana hata ndani ya chandarua. Mwingine alichunguza usingizi wa wauguzi wa zamu, na yeye mwenyewe alisinzia popote ulipomweka. Mimi nilichagua moshi wa jikoni. Msimamizi wangu aliponiuliza sababu, nilimjibu kisomi, kwa maneno marefu. Ukweli ulikuwa mfupi: mama yangu alikuwa anakohoa.

Alikohoa Songea, nami nikamsikia kwenye simu. Daktari wa huko alishamwambia kifua kimechoshwa na moshi wa kuni, na asipouacha kitamshinda kabisa. Mama alimsikiliza kwa adabu zote, akarudi nyumbani, akawasha kuni. Gesi hakuitaka, alisema hawezi kulala nyumba moja na bomu. Nikajiambia kwamba nikimwonyesha kwa vipimo moshi anaouvuta, atakubali. Siku hizo nilikuwa na imani kubwa mno na vipimo.

Basi nikaenda nyumbani, wakati wa baridi. Asubuhi za baridi Songea huonekana kama haina miguu. Ukungu unalala juu ya mahindi makavu, bodaboda zinatokea taa kwanza, kisha dereva, kisha barabara. Jiko la mama ni kibanda cha tofali nyuma ya nyumba, kuta zake nyeusi zinang'aa kwa masizi. Nikiingia humo naingia utotoni. Macho yanawasha, sauti zinatoka kwenye moshi bila sura, mkono unaninyooshea kiazi cha kuchoma na sijui ni wa nani. Harufu ile naipenda, na hilo ndilo lililonisumbua katika utafiti wote: kitu kilichokuwa kinamuua mama yangu kilinukia nyumbani.

Nilitundika kifaa cha kupimia moshi ukutani, juu kidogo ya mafiga. Kilikuwa kidogo kama redio ya betri, na taa ya kijani iliyopepesa.

"Pika kama siku zote, mama."

"Cha nani hiki?"

"Cha chuo."

"Ghali?"

"Ghali sana."

"Haya," alisema, akakitazama kama anavyowatazama wageni wa kutoka parokiani.

Nikaenda mjini kufuatilia vibali vya utafiti. Mchana manyunyu yakaanza, nikarudi. Niliingia jikoni moja kwa moja, nikakuta hakuna moto. Mafiga yalikuwa yamefagiliwa, majivu yameondolewa, na kifaa kinapepesa peke yake kwenye hewa safi kabisa. Kisha nikasikia kikohozi nje, nyuma ya kibanda.

Mama alikuwa amechuchumaa kwenye manyunyu, sweta limelowa, kanga kichwani, anapuliza kuni zinazogoma kuwaka. Maji ya ugali yalikuwa ndiyo kwanza yanataka kuchemka. Alikohoa mpaka akashika ardhi kwa mkono.

"Mama! Unafanya nini huku nje?"

"Napika."

"Si nilisema upikie jikoni?"

"Na moshi wote ule? Kitu cha watu kikiharibika, si watakufukuza chuo?"

Kwetu sufuria ya kuazima hurudishwa kwa jirani ikiwa imesuguliwa kuliko ilivyokuja. Ningepaswa kulijua hilo. Nimesugua sufuria za watu tangu nikiwa mdogo.

"Na kifua chako je?"

"Ah, hiki ni changu," alisema, kama anazungumzia kanga iliyochakaa.

Nilipandwa na hasira, nikataka kupiga teke mafiga yale. Badala yake machozi yakanitoka.

"Si chako peke yako," nikamwambia. "Ukiondoka wewe, mimi nitakuwa nakuja Songea kwa nani?"

Mama aliacha kupuliza. Alinitazama, maji ya mvua yakimdondoka kwenye kope, na uso wake ukawa ule wa siku nilipougua malaria nikiwa darasa la kwanza.

"Kumbe unaogopa," alisema.

"Naogopa, mama."

Kwenye simu nilikuwa nimemweleza habari za mapafu, za chembechembe zisizoonekana, za tafiti za nchi za mbali. Hilo sikuwa nimemwambia.

Aliinuka polepole, akinishika bega, akaniwekea mwiko mkononi.

"Songa wewe," alisema. "Mimi naingia ndani nipumue. Na kesho twende tukaulize hiyo gesi yako."