Mdogo Wangu Dageago na Mwatiko wa Buada

Watu wa wilaya yetu husema mdogo wangu Dageago aliuawa na uroho. Husema alikula wali na nyama ya kopo mpaka sukari ikamla yeye. Nimelisikia neno hilo hata nje ya kanisa. Mama yetu alituzaa wawili tu, na niliyebaki ni mimi, kwa hiyo nitaeleza ilivyokuwa.

Dageago alikuwa mfugaji wa samaki aina ya mwatiko. Maji yakipwa alitembea peku juu ya mwamba, akitafuta vifaranga wembamba kama sindano kwenye vidimbwi. Aliwatia katika vifuu vya nazi, na kila siku akawapunguzia maji ya bahari na kuwaongezea ya kisima, mpaka wakazoea. Hapo ndipo alipowabeba hadi ziwa la Buada na kuwaachia katika sehemu yetu, iliyozungushiwa ukuta wa mawe. Nyayo zake zilimwambia mengi kuliko macho. Alijua kwa kukanyaga tu maji yamepata moto kiasi gani, na kama vifaranga wamo.

Baada ya uhuru, wachimbaji wa fosfeti, madini ya mbolea, walitaka ardhi ya mama yetu kule juu katikati ya kisiwa. Wakati huo Lavinia, mtoto pekee wa Dageago, alikuwa na miaka saba na moyo mbovu. Akikimbia hatua ishirini midomo inakuwa ya bluu. Tulitia sahihi mkataba sote wawili, yangu juu ya yake kwa kuwa mimi ni mkubwa. Haukupita mwezi pesa ikaja, mtoto akapanda ndege na baba yake kwenda Melbourne, akapasuliwa, akarudi anaruka kamba. Sitaki mtu aniambie pesa ile ilikuwa laana tupu. Watoto wenye moyo kama ule, kabla ya hapo, tulikuwa tunawazika.

Lakini ni kweli kwamba ilitubadilisha. Kule juu miti yenye viota vya ndege ilikatwa, udongo ukachotwa, yakabaki mawe yamesimama kama meno. Dageago alipata nyumba ya kiyoyozi, gari, kisha gari la pili, katika kisiwa ambacho ukikizunguka chai yako haijapoa. Perege walioletwa kula viluwiluwi vya mbu walijaa ziwani wakawamaliza mwatiko, na hakuna aliyelia, maana meli ilileta chakula kila mwezi. Miaka kumi na mitano mdogo wangu hakukanyaga mwamba. Alinenepa, kama tulivyonenepa wote, kisha akaambiwa ana kisukari, kama wengi wetu.

Lavinia alisomea uuguzi hukohuko Melbourne, akarudi kufanya kazi hospitali yetu. Alipochumbiwa, baba yake aliamka siku moja akatangaza kwamba karamu ya harusi italiwa mwatiko wa Buada. Akarudi mwambani na vifuu vyake. Jirani yetu Aroi alimkuta barabarani akacheka mpaka akashika tumbo.

"Dageago! Magari mawili, na unatembea kwa miguu?"

"Magari hayajui kuvua."

"Nenda dukani, bwana! Samaki yuko kwenye kopo, hana hata miiba."

"Ndiyo maana na wewe umekuwa kama kopo. Sogea, nipite."

Aliwaondoa perege kwa nyavu, akajenga ukuta upya, akalea vifaranga miezi minane. Sijamwona na furaha kama ile tangu tukiwa watoto.

Zikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya harusi, alipita kwangu kunywa chai akitokea mwambani kutafuta mawe ya ukuta. Niliona alama za damu kwenye sakafu, kutoka mlangoni hadi kitini pake.

"Dageago, unatoka damu!"

Aligeuka akazitazama kana kwamba ni za mtu mwingine. "Mimi? Sijasikia kitu, dada."

Kipande cha tumbawe, kirefu kama pingili ya kidole gumba, kilikuwa kimezama katika unyayo. Nilikivuta kwa kibanio, na yeye alikuwa anakoroga chai. Kisha kijiko kikasimama. Unyayo wake haukuwa ukisikia tena.

"Lavinia asijue," akasema. "Watanikata. Umewaona wale wa magongo kanisani. Acha niingie na mwanangu kwa miguu yangu miwili, halafu wafanye watakavyo."

Hospitali ilikuwa mwendo wa dakika tano, bure, dawa zimejaa. Nami nilisoma, najua kisukari hufanya nini kwa kidonda. Lakini niliwafikiria wakwe wa Lavinia, na wageni, na vile watu watakavyosema kwamba watoto wa mama yetu wanaoza.

"Basi vaa soksi," nikamwambia. Nilimpa zile ndefu za mpira za marehemu mume wangu. Kila asubuhi nilimwosha kidonda mwenyewe, mlango nimeufunga.

"Baba, soksi na joto hili?" Lavinia aliuliza.

Nikamjibia: "Wazee nao wana fasheni zao, mama." Akacheka, akaenda zamu.

Siku ya harusi Dageago aliingia kanisani amenyooka. Mwatiko kumi na wawili waliletwa mezani. Lavinia alikula mpaka akalamba vidole, na Aroi alimaliza wawili akaomba wa tatu. Dageago alisimama ili ampelekee, akaanguka kati ya meza. Bi harusi alipiga magoti na gauni lake, akamvua kiatu, akavuta soksi, na harufu ikawafikia wakwe. Mguu ulikuwa mweusi hadi juu ya kifundo.

Walikata chini ya goti, wakarudia pajani. Siku ya tisa alifariki.

Hakula zaidi ya nilivyokula mimi, wala zaidi ya hao wanaomsema. Alichelewa kutibiwa, na nilikuwepo.

Lavinia alinisubiri katika korido ya hospitali, amevaa sare.

"Shangazi, ulijua?"

Ningeweza kukana, marehemu asingenitaja.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu kabla ya harusi."

"Siku ile," akasema, "pengine tungekata vidole viwili. Viwili tu, shangazi."

Kisha mgonjwa aliita kutoka wodini, naye akaenda.