Kumbeba Winchi

Mungu amlaze pema marehemu. Wachukuzi wenzake ghalani walimpa jina la Winchi kwa sababu gunia lililowashinda watu wawili, yeye alilitupa begani huku akipiga mluzi. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwembamba kama uzi anaoshonea. Watu walitania kwamba siku Winchi akiugua, mkewe itabidi amfunge magurudumu.

Siku ikafika. Kiharusi kikamlaza, miguu na mkono mmoja vikagoma, na chakula kikawa kinapita kooni kwa shida. Dada yake akaja na gari la kukodi mpaka mlangoni.

"Wifi, usinielewe vibaya," alisema. "Kwangu kuna vijana wenye misuli. Wewe utamwogeshaje? Utaanguka naye, tuuguze wawili."

Winchi alimtazama mkewe kwa macho ya mtu asiyetaka kuvuliwa nguo na wapwa zake.

"Nipe mpaka mwisho wa mwezi," fundi alijibu. "Nikishindwa, mchukue."

Basi akaanza kuufundisha mwili. Nesi wa mazoezi ya viungo alimwelekeza: kunja magoti, si mgongo, mzigo uwe karibu na kifua, vuta pumzi kabla ya kuinua. Kila asubuhi, akishamaliza sala, alikaa kwenye kigoda na kusimama bila kushika kitu, tena na tena, mpaka mapaja yakawaka moto. Alisukuma ukuta kama anayegombana na mwenye nyumba. Alizunguka uani na ndoo ya mchanga, na sauti ya Winchi ikimfuata kutoka dirishani.

"Kaza, kuli! Bosi anakuona!"

"Nyamaza wewe! Mzigo hauna mdomo!"

Mwanzoni walikwama katikati, wakaangukia godoro wote wawili, wakacheka mpaka machozi. Kisha siku moja akamfikisha kwenye kiti. Baadaye akamfikisha bafuni. Mwisho wa mwezi wifi alirudi na gari, akashuhudia kwa macho yake, akashika kiuno.

"Haki ya Mungu, wifi, umemeza chuma?"

Akaondoka na gari lake tupu. Fundi alipiga magoti siku hiyo, akamshukuru Mungu kwa mikono aliyopewa.

Miezi ikapita, na kila alipombeba mumewe, kazi ilikuwa nyepesi kuliko jana. Wateja waliokuja kupima nguo aliwaonyesha mikono. "Mazoezi haya, dada zangu," aliwaambia. "Msidharau."

Jumamosi moja akaamua kuhamishia cherehani chumbani, ashone huku akiongea na mgonjwa wake. Ilikuwa ile ya miguu ya chuma, na tangu zamani aliyemsaidia kuisogeza ni seremala jirani. Seremala alipojitokeza, fundi alimfukuza.

"Rudi kwenye mbao zako, shemeji. Nambeba Winchi, itanishinda hii?"

Akakunja magoti. Akavuta pumzi. Akainua.

Haikunyanyuka. Akajaribu tena kwa nguvu zake zote. Mguu mmoja wa chuma ulikwaruza sakafu, basi. Ilikuwa nzito vilevile kama siku zote.

Akageuka taratibu kumtazama mumewe. Bega lilikuwa limechongoka ndani ya shati, shati alilomshonea kwa mikono yake, na ambalo sasa lingewatosha watu wawili.

"Ulijua?"

"Mke wangu, nimebeba mizigo maisha yangu yote. Kilo zangu mwenyewe zikiondoka, nitakosa kujua?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unanibeba unacheka."

Fundi akaketi sakafuni, akaufunika uso kwa kitambaa cha mteja, akalia. Winchi hakumnyamazisha. Alimwombea kimyakimya, midomo ikitikisika.

Saa ya kuoga ilipofika, fundi akainuka. Alikunja magoti kama alivyofundishwa, akapitisha mikono chini ya mumewe, naye akamshika shingo kwa mkono ule mmoja mzima. Alisimama naye kama mtu aliyeokota mto. Walipofika mlangoni akasita, akaguna kwa sauti, akapepesuka kwa makusudi.

"Mzito wewe!" alisema. "Utanivunja kiuno."

"Taratibu basi," Winchi alijibu, uso ameuficha shingoni kwa mkewe. "Usije ukaniangusha."