Nyumba Nyembamba ya Nangwa

Philomena alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni kwenye shamba la ngano la serikali, miaka ile ambayo mavuno yakifika, vumbi la kombaini lilionekana toka Katesh. Jikoni ilining'inia kalenda iliyoachwa na fundi mitambo mmoja Mholanzi. Mwaka wake ulishapita, lakini picha hazikumchosha: Amsterdam, mji wa mifereji, makanisa yenye minara ya saa, madaraja yaliyoinua mgongo, na nyumba za kale za matofali, ndefu na nyembamba, zimebanana kama watu kwenye foleni ya sukari. Juu ya kila nyumba ilichomoza boriti yenye ndoano. Yule fundi alimweleza kwamba ngazi za ndani ni finyu mno, hivyo vitanda na makabati huvutwa kwa kamba na kuingizwa dirishani.

Alipoolewa na Isidori, mwashi wa Nangwa, kijiji cha jirani, aliomba nyumba ya namna hiyo. Isidori alicheka, akauliza kwa nini wabanane wakati eneo lipo la kumwaga. Philomena akasema anataka dirisha la kuona mbali. Basi Isidori, ambaye hakuwa na ubavu wa kumnyima, akachoma matofali, akajenga chumba juu ya chumba, na boriti akaiweka.

Watu walipita kuishangaa hata wasio na safari ya huko. Aliyenuna ni mama mkwe, Bibi Benedikta, binti wa wafugaji wa uwandani. Alisema hakuzaa mwana ili alale juu kama kuku. Akija aliketi nje, na Philomena, baada ya shikamoo, hakujua aongeze nini.

Siku ya kupandisha kitanda, Bibi alikuwapo. Majirani walivuta kamba, kitanda kikayumba, kikazunguka, kikaingia. Bibi akalitazama dirisha, akasema magoti yake hayawezi ngazi, lakini kiti kipo na kamba ipo.

Isidori alikataa. Bibi alikwisha kaa. Wakamfunga kwa shuka mbili, wakamvuta taratibu, naye akapanda na mkongojo wake mapajani. Philomena akampokea dirishani.

Toka pale uwanda ulionekana wote, ngano imeiva, manjano mpaka macho yanapoishia.

"Kumbe wamelima mpaka kwa baba," Bibi akasema.

Philomena akauliza kwa baba ni wapi. Bibi akanyoosha mkongojo: pale zilipoegeshwa mashine palikuwa na boma lao, kule bondeni walinywesha ng'ombe, hapo katikati alizikwa babu yake. Philomena akavuta kigoda, akauliza zaidi. Chai ilipandishwa kwa kamba. Isidori aliita toka chini kama wanashuka, hakujibiwa.

Jioni, akishushwa, Bibi alimwambia mkwewe, "Kesho nitakuja mapema. Hatujamaliza hata upande mmoja."

Akaja kweli, na keshokutwa yake pia, mpaka mikono ya Isidori ikaota malengelenge. Mwishowe alibomoa ngazi, akajenga nyingine pana, yenye vipandio vifupi, na wanawake wale wawili wakawa wanaipanda wameshikana mikono, wakisimama katikati kupumzika na kuendeleza mazungumzo.