Tusi Langu kwa Karani wa Bourse

Kinywa changu hiki kinanikasirisha mpaka leo. Wakati wa vita, watu wa kabila letu wakiitwa wageni, nilishuka Uvira kuomba bourse, msaada wa karo ya chuo. Karani akanitazama usoni, akasema foleni nzima isikie:

"Bourse iko ya Wakongomani. Weye rudia kwenu."

"Kwetu ni Rurambo, mlimani hapa juu ya Uvira! Minye nilizaliwa kule, na baba yangu vilevile!"

"Leta cheti cha uraia."

Vyeti vyetu viliungua pamoja na nyumba. Hasira ikanipanda, nikamtukana mama yake kwa lugha yetu ya mlimani, nikijidai mjanja kwamba hataelewa.

Akaruka kitini. "Mama yangu umuache!" akafoka, kwa lugha ileile, kwa lafudhi ya Rurambo kabisa.

Macho yote yakaniacha, yakamgeukia yeye.